Vitabu Vilivyovishwa Nailoni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ng'ambo ya barabara, likitazamana uso kwa uso na duka la vitabu la Mzee Gundi. Kuanzia saa saba mchana, ofisi zinapofunga kwa chakula, hadi saa nane, linakuwa mali ya watu watatu na mwuza kahawa wao. Wa kwanza ni Faili, karani wa masjala ya viwanja, mama wa miaka arobaini na saba, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna ugomvi wa mipaka asioujua uko rafu gani na una kurasa ngapi. Wa pili ni Nukta, mwalimu mstaafu, ambaye kila akimaliza kusema hutamka "nukta" ili mtu asimdakie, na watu humdakia hivyo hivyo. Wa tatu ni Breki, dereva wa lori la maji, ambaye breki zake zote ziko miguuni na mdomoni hana hata moja. Mwuza kahawa wanamwita Shangazi ingawa si shangazi wa yeyote pale, na birika lake likikauka, kikao kimevunjika. Watu hawa hubishana kila siku kwa raha zao. Lakini wiki tunayoisimulia hapa hawakubishana kwa raha. Walikuwa na hasira, na hasira yenyewe walikuwa nayo kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ili mtu aelewe hasira ya Faili, lazima kwanza aielewe saa yake moja. Masjala iko chini kabisa ya jengo, chumba kisicho na dirisha, taa mbili za mrija, moja inakonyeza tangu mwaka juzi. Kutwa anaitwa. Huyu jirani yake kasogeza ukuta, yule kala njia ya watu, na wote wanataka karatasi ile ile kwa wakati ule ule. Akirudi nyumbani anaitwa tena: mama mkwe anataka dawa yake, shemeji anaitaka meza apigie pasi, mume anauliza soksi nyingine iko wapi. Saa saba hadi saa nane tu ndipo hakuna anayemwita. Kwa miaka kumi na moja saa hiyo aliigawa mara mbili. Nusu ya kwanza dukani kwa Mzee Gundi, nusu ya pili benchini, akiwasimulia wenzake alichookota.

Na pale dukani hakuwa anatafuta kitu. Hilo ndilo watu wa nyumbani kwake hawakulielewa. Anaingia, anapita ubavuubavu, anavuta kitabu chochote kwa kidole, anakifungua katikati, anasimama hapo hapo kwa mguu mmoja kama korongo na kusoma kurasa nne. Ufugaji wa nyuki. Namna ya kuzuia unyevu usipande ukutani. Maisha ya baharia aliyemwandikia mkewe barua mia mbili na akatuma tatu. Kamusi ya lugha ambayo hataisema mpaka anaingia kaburini. Siku nyingine anafungua kitabu kilichokwisha pita mikononi mwa watu na kukuta wino ukurasa wa kwanza, "usinisahau," basi mchana kutwa anamhurumia mtu asiyemjua. Kununua alinunua pia, kimoja kimoja. Breki aliwahi kumwuliza kwa nini asinunue vyote vinavyompendeza akatulia. Akamjibu kwamba kununua ni ndoa, kupekua ni uchumba, na mtu mwenye akili timamu haruki uchumba.

Jumatatu ya wiki ile alivuka barabara kama kawaida yake, akasukuma mlango, akasimama kizingitini. Kila kitabu kilikuwa kimefungwa nailoni. Si vile vipya tu. Vyote, hadi vile vikuukuu vya kapu la chini, vimekazwa kwa utepe na vinang'aa chini ya taa kama samaki wa kwenye friji. Mzee Gundi naye alikuwa amehamisha kiti. Miaka yote alikaa nyuma mezani na kopo lake la gundi, akiunganisha migongo ya vitabu iliyoachia, vidole vimekauka magamba meupe, na ndiko lilikotoka jina lake. Sasa alikaa katikati ya duka, baina ya rafu na rafu, mikono mapajani, kimya.

Faili alivuta kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu. Nailoni ikalia, na mzee akageuza shingo papo hapo.

— Nani huyo?

— Ni mimi, mzee. Shikamoo.

— Marahaba, mama. Unanunua?

Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuulizwa swali hilo mle ndani. Alikirudisha kitabu mahali pake, akatoka, na alipofika benchini Shangazi alimtazama usoni na kumjazia kikombe kabla hajaomba.

— Ameniuliza nani huyo, Faili aliwaambia wenzake hata kabla hajakaa. Mimi. Kama askari wa lindo.

— Hiyo ni dharau, alisema Breki.

— Ni dharau yenye adabu, ambayo ndiyo mbaya zaidi, Nukta alisahihisha. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajifunga nailoni. Nukta.

— Wahenga hawakuwa na nailoni, mwalimu.

— Ndiyo maana hawakuacha vitabu.

Siku nyingine wangecheka. Siku ile Breki aliinuka, akavuka, akachungulia dirishani na kurudi akithibitisha kwamba hata gazeti la juzi lililokuwa limelala juu ya kabati lilikuwa limevishwa. Yeye hakuwa msomaji wa kusimama kwa mguu mmoja. Alikuwa mtu wa ramani. Kila Ijumaa alikuwa akiingia kuangalia ramani za nchi asizozijua, barabara zake zinakwenda wapi, mito yake inakatizwa wapi na madaraja, kisha anarudi kwenye lori lake ameridhika kama aliyetoka safari. Sasa ramani zilikuwa zimekunjwa ndani ya nailoni, na kinachoonekana ni kipande cha bahari tu, buluu tupu.

Jumanne nadharia zikaanza kuota, na Breki ndiye aliyepanda mbegu. Alisema yeye hupeleka maji kwenye kiwanda kimoja cha nailoni, na kwa macho yake ameona marobota yamepangwa mpaka dari kwa sababu hakuna wa kuyanunua. Basi wenye kiwanda wamepita duka kwa duka kuwashawishi wazee. Wameanza na vitabu. Wakimaliza vitabu watakuja kwenye mikate, kutoka mikate watakuja kwenye vikombe vya Shangazi, na siku moja mtu atamwoa mke aliyefungwa na kuambiwa atafungulia nyumbani.

Nukta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni mawazo ya mtu anayeendesha gari kubwa. Nadharia yake yeye ilikuwa tulivu zaidi na ndiyo iliyowatisha. Alisema vitabu vile havina maneno tena. Wachapaji wamegundua kwamba watu wananunua jalada, wanalipanga sebuleni na hawafungui, kwa hiyo ndani wameanza kutia karatasi nyeupe. Nailoni ni ya kuzuia mtu asigundue kabla hajafika kwake. Akawaambia wavipime mkononi, ni vyepesi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alimalizia. Sisi tumeinama miaka kumi na moja, mgongo umeisha, na mvungu wenyewe wameuziba. Nukta.

— Methali hiyo haiendi hivyo, alisema Breki.

— Inakwenda ninakoipeleka. Nimeifundisha miaka thelathini na nne.

Faili hakuwa na nadharia. Alikuwa na kidonda. Usiku wa Jumatatu alikuwa amelala akiwaza lile neno "mama." Mzee hakumwita Faili. Alimwita mama, kama anavyomwita mtu yeyote aliyeingia kwa kukosea mlango. Lakini benchini huwezi kukaa na kidonda kitupu, watu watakushinda kwa maneno, kwa hiyo naye akatoa lake. Alisema mkubwa wake wa kazi, ambaye siku zote huwalalamikia makarani wanaochelewa kurudi saa nane, ndiye aliyekwenda kwa mzee kumwomba afunge vitabu. Alilisema kama mzaha. Kufikia kikombe cha pili alikuwa ameanza kuliamini, na kufikia cha tatu alikuwa amekumbuka hata siku aliyomwona mkubwa wake akipita upande ule wa barabara.

Jumatano aliamua kuuliza mwenyewe. Aliwaambia wenzake wamngojee, akavuka, akaingia. Mle ndani mlikuwa kimya kama masjala siku ya sikukuu. Alichukua kitabu cha nyuki, kile kile alichokuwa akikifungua kila alipochoka, akakiweka mapajani mwa mzee.

— Mzee, nifungulie hiki tu. Nisome ukurasa mmoja nikirudishe.

Mzee Gundi alikipapasa kwa vidole vyake vyenye magamba, akakishika kwa mikono miwili. Alipojibu hakumtazama usoni. Alitazama begani mwake, kama mtu anayezungumza na aliyesimama nyuma.

— Anayenunua atafungulia kwake.

— Na asiyenunua?

— Asiyenunua anisamehe.

— Umetufanya wezi, mzee wangu.

— Sijasema hivyo.

— Hukusema kwa mdomo. Umesema kwa nailoni.

Mzee alikigeuza kitabu mapajani. Kisha akamwambia polepole kwamba mwezi uliopita vitabu vinne vikubwa viliondoka, vile vya picha, na hajui nani aliyeviondoa. Faili akamwuliza wakati huo yeye alikuwa wapi.

— Nilikuwa hapa hapa, alisema Mzee Gundi.

Faili aliisikia kama tusi. Mtu anaibiwa mchana kweupe, amekaa pale pale, kisha badala ya kumshika mwizi anawaadhibu waliomsaidia kuhamisha makasha mwaka ule paa lilipovuja. Yeye mwenyewe siku ile alivua sweta lake na kufunikia kamusi. Alimkumbusha hilo, kwa sauti iliyopanda bila yeye kutaka. Mzee akasema anakumbuka, na kwamba hawezi kulisahau. Faili akamjibu kwamba basi ana namna ya ajabu ya kukumbuka, akakivuta kitabu cha nyuki kutoka mapajani mwa mzee, akakirudisha kwenye rafu kwa kishindo na kutoka. Alipogeuka kidogo mlangoni alimwona mzee ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. Hilo nalo likamkera.

Barua ilikuwa wazo la Nukta, lakini maneno mengi ni ya Faili. Waliitunga Jumatano hiyo hiyo pale benchini, kila mtu akitia ukali wake, na Alhamisi asubuhi Faili aliichapa ofisini kwa herufi zile zile anazochapia notisi za kuvunja kuta. Ilisema hivi: Kwa Mzee wa Duka. Sisi wasomaji wa saa saba tumekuja kwako miaka kumi na moja na hatujakuibia hata uzi. Leo umetufungia nje kana kwamba mikono yetu ina upupu. Ukitaka wateja wasiogusa bidhaa, nenda kauze makaburi. Mpaka utakapofungua vitabu vyako, hatutakanyaga kizingiti chako, na tutamwambia kila anayepita. Nukta aliomba maneno mawili ya mwisho yawe yake. Akaandika: Ona aibu.

Hawakuweka majina. Breki alisema majina ya nini, mwenye duka atajua. Saa saba kamili Faili aliibandika mlangoni, usawa wa macho, kwa gundi ya ofisi, wakakaa kungoja.

Mzee Gundi alitoka baada ya robo saa, pengine kwa sababu alisikia mtu akisugua mlango. Aliupapasa mlango, akaifikia karatasi. Akapitisha kiganja chake juu yake, kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa cha suti. Akasimama. Barabara ilikuwa na pikipiki nyingi na hakujaribu kuvuka. Akarudi ndani na kufunga mlango, karatasi ikabaki pale pale.

— Ameisoma yote na hajatikisika hata nywele, alisema Breki.

— Hakuisoma, alisema Nukta. Ameipapasa. Anatuonyesha kwamba maneno yetu kwake ni karatasi tu. Mimi nimefundisha watoto wa kila aina, dharau ya namna hiyo sijapata kuiona.

Kuanzia hapo hasira haikuwa ya nailoni tena. Ilikuwa ya ile karatasi kubaki mlangoni. Ijumaa ilikuwepo. Jumatatu ilikuwepo, pembe moja imeanza kujikunja kwa jua. Kama angeichana, wangekuwa na mtu wa kugombana naye. Kama angevuka aje kuwatukana, wangemtukana naye, wangepewa kahawa, yangekwisha. Lakini aliiacha, akiingia asubuhi anaipita, akitoka jioni anaipita, na kila siku iliyopita waliiona kama kofi jipya.

Wakatimiza walichokiandika. Breki aliwaambia madereva wenzake. Nukta aliwasimamisha wanafunzi wake wa zamani barabarani, sasa watu wazima wenye ndevu, na kuwaambia wasiingie mle. Faili aliwaambia wasichana wawili wa ghorofa ya pili waliozoea kwenda kuangalia vitabu vya mapishi na mitindo, nao wakaacha. Wiki ya pili ikawa mtu anaweza kukaa benchini saa nzima asione mlango ule ukifunguka. Waliutazama ukiwa umefungwa na kuambiana kwamba sasa ataelewa.

Nadharia nazo hazikulala. Breki alikuwa amefika mbali. Sasa ndani ya nailoni kulikuwa na unga, unga usioonekana, unaonata vidoleni, ili wakubwa wajue nani amegusa kitabu gani. Mtu akigusa cha siasa, vidole vyake vinang'aa kwenye mashine fulani. Nukta alikuwa amepiga hatua moja zaidi ya karatasi nyeupe: alisema mzee mwenyewe si yule. Yule wa zamani ameondoka na huyu ni nduguye wanayefanana, ndiyo maana hakumtambua Faili. Paka akiondoka, alisema, panya huvaa koti lake. Walilijadili hilo kwa uzito kwa siku mbili.

Faili alikuwa anasema machache kuliko wao, na ndiye aliyekuwa anaungua zaidi. Saa yake ilikuwa imekufa. Alikuwa anakaa benchini kuanzia saa saba hadi saa nane bila kuwa na cha kuwasimulia, na aliporudi kazini alirudi na kinyongo chake. Jumanne alikuja mzee mmoja aliyetembea tangu alfajiri kufuata karatasi ya kiwanja cha marehemu kaka yake. Alikuwa na herufi moja imekosewa kwenye fomu. Siku nyingine Faili angeirekebisha mwenyewe kwa kalamu. Siku ile alimwambia aende akalete nyingine, akamtazama akiondoka kwa miguu ile ile, na alijua wakati huo huo kwamba anafanya vibaya, na hakumwita. Alimlaumu Mzee Gundi kwa hilo pia.

Jumatano ya wiki ya pili, saa saba na nusu, mlango ulifunguka.

Aliyetoka alikuwa mwanamke ambaye hawakupata kumwona, kijana kiasi, viatu vyeupe vya mpira, sare ya zahanati imechungulia chini ya sweta. Alikuwa na kitabu kwapani, kimefungwa nailoni. Alisimama mbele ya ile karatasi kidogo, akaitazama tena, kisha akavuka moja kwa moja mpaka benchini, akauliza kama kahawa ipo. Shangazi akamwambia karibu, mgeni njoo mwenyeji apone, akamfutia mahali pa kukaa. Mgeni akasema yeye ni mkunga, amehamishiwa zahanati ya kona ya pili, hii ni wiki yake ya kwanza.

Breki hakumpa nafasi ya kupuliza kikombe. Alimweleza kwamba hakufanya vizuri, kwamba duka lile limesusiwa na watu wote wa maana wa barabara hii, na kwamba kama anajua kusoma, tangazo lipo mlangoni.

— Tangazo nimelisoma, alisema mkunga. Nimelisoma kwa sauti. Yule mzee aliniomba nimsomee.

Shangazi aliacha kumimina.

— Alisema aliligusa tangu Alhamisi ya wiki iliyopita, akadhani ni baraza la mji linataka kumtoa. Hakutaka kumwomba mtu anayemjua. Aliona haya. Akawa anangoja aingie mgeni, na siku zote hizo hakuingia mtu.

Faili alimgeukia. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama aliisoma yote.

— Yote. Pale pa makaburi nilitaka kuruka, akajua. Akasema, usiruke, mwanangu. Nikasoma mpaka mwisho.

Nukta alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

— Akasema nini? aliuliza.

— Aliniomba nirudie mwanzo, pale panaposema wasomaji wa saa saba. Nikarudia. Akasema, basi hawa ni watu wangu. Akaniambia nisiibandue, si yake wala si yangu, walioiweka wataitoa wenyewe. Nikamwomba kitabu cha hadithi cha mtoto wangu, akaenda mwenyewe mpaka kwenye rafu, akahesabu kwa vidole, akanipa hiki.

Aliwaonyesha. Kilikuwa kitabu cha injini za dizeli.

— Sikumwambia, alisema mkunga. Nitakuja kukibadilisha siku nyingine, niseme mtoto amebadili mawazo.

Breki aliipokea ile injini, akaigeuza, nailoni ikalia mikononi mwake. Aliuliza, na haikuwa sauti yake ya kila siku, nailoni basi ni ya nini.

— Ili asikie. Kitabu kisichovishwa kikivutwa hakisemi. Hiki kinasema. Nilipogusa tu, akageuka upande ule ule niliokuwa. Watu walikuwa wanaondoka navyo mbele yake, na yeye yupo hapo.

Jambo la kwanza lililompanda Faili lilikuwa hasira tena, na lilipanda kwa kasi. Alimgeukia Breki na kumwambia kwamba yote haya ni yeye na unga wake, yeye na viwanda vyake. Breki akamwambia aliyechapa barua si yeye. Nukta akasema jambo la makaburi hakulitia yeye, na Faili akamkumbusha nani aliyetia maneno mawili ya mwisho. Walisema hayo bila kuinua sauti, meno yakiwa yamekaza, mbele ya mgeni, kama ndugu wanaogombana msibani. Shangazi ndiye aliyewanyamazisha, naye hakufanya hivyo makusudi. Alikuwa anafuta birika lake, akasema kama anayejiambia mwenyewe:

— Nami nilidhani mzee ameacha kahawa tu. Alikuwa akivuka kila siku. Nikasema labda tumbo.

Mkunga aliweka kikombe chini. Akatoa kitabu kidogo cha kumbukumbu mfukoni mwa sare na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

— Nataka kumwandikia barua ya kwenda hospitali, kwa daktari wa macho, alisema. Kuna maradhi ya macho yakiwahiwa hutibika, na kuna ambayo siku zikipita zimepita. Nimemwuliza mwenyewe, akasema si siku nyingi. Wagonjwa wote husema si siku nyingi. Anaishi peke yake, hakuna wa kumwuliza nyumbani. Lakini nyinyi mmekaa mbele ya mlango wake miaka kumi na moja, imeandikwa pale. Kwa hiyo niambieni tu. Aliacha kuona tangu lini?

Faili alifungua mdomo, kwa sababu alikuwa na hakika jibu analo. Yeye ndiye mwenye mafaili. Akarudi nyuma siku kwa siku. Alikumbuka mwaka aliosoma habari za malkia wa nyuki anayeuawa na wanawe, na rafu aliyokuwa ameiegemea. Aliikumbuka barua ya baharia isiyotumwa, neno kwa neno, na kwamba nje mvua ilikuwa inanyesha. Angeweza kumtajia mkunga kila kitabu alichokishika mle ndani na ukurasa aliouishia. Lakini kila alipomtafuta mzee katika siku hizo, alimpata mkono tu. Mkono unaopokea, mkono unaofunga kifurushi, mkono unaosukuma kopo la gundi pembeni ili yeye apite. Akapandisha macho ya kumbukumbu yake kutoka kwenye ule mkono mpaka usoni, na pale usoni hapakuwa na kitu alichowahi kukitazama.

— Wakati wa mvua, alisema Breki.

— Mvua zipi?

Breki alitazama juu kana kwamba mawingu yangemwambia. Nukta alivuta pumzi kama anayetaka kutoa methali, akaiachia pumzi peke yake. Ng'ambo ya barabara ofisi zilikuwa zimeanza kufunguliwa, watu wanarudi wakifuta midomo, saa nane inaingia, na hakuna aliyeinuka.

— Wiki? aliuliza mkunga, kwa upole, ncha ya kalamu ikiwa juu ya karatasi. Mwezi? Mwaka?

Akawatazama mmoja mmoja, akangoja.